Mwasumini Usiochanua, Unaogeuka Manjano au Unaonyauka: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kutafuta Dawa

Mwasumini, ambao wataalamu wa mimea huuita Jasminum sambac, ni kichaka kinachoonekana katika nyumba nyingi za Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa na Tanga, aghalabu karibu na kisima, ubavuni mwa baraza au ndani ya ndoo ya plastiki iliyotobolewa chini. Maua yake hutungwa makoja, hutiwa katika vikuba pamoja na mrehani na mkadi, hutandazwa kitandani kwa maharusi na hulowekwa katika mafuta ya nazi ya kupaka nywele. Matumizi hayo ndiyo yanayoutofautisha uuguzi wa mti huu na ule wa maua ya kupamba uwanja tu, kwa sababu chochote utakachoupulizia kitaishia kichwani mwa mtu, kwenye mto wake wa kulalia au katika kikombe chake cha chai. Kwa sababu hiyo hatua za hapa chini zinaanza na macho, kidole na mkasi, na dawa ya dukani inakuja mwisho, pale tu isipoepukika. Matatizo yamepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili chanzo kinachoonekana mara nyingi ndicho kinachotangulia.

Kwanza hakikisha kwamba ni mwasumini

Kuna vichaka vingine vyenye maua meupe ya kunukia ambavyo huuzwa au hupewa watu kwa jina la asumini. Kata kijiti kidogo na utazame mahali ulipokata. Kikitoka utomvu mweupe kama maziwa, huo si mwasumini, na huenda ni mmoja wa mimea yenye sumu ambayo maua yake hayafai kabisa kutiwa katika chai. Mwasumini halisi hauna utomvu wa maziwa. Majani yake ni ya mviringo wa yai, yanang'aa kidogo, na yamepangwa mawili mawili yakielekeana, au mara nyingine matatu matatu katika kifundo kimoja. Ukibaki na shaka, pamba nyumba kwa maua hayo ukipenda, lakini usiyatie katika kitu cha kuliwa au kunywewa mpaka mtu anayeijua mimea auone mti wenyewe.

Majani mengi, maua hakuna

Hili ndilo lalamiko linalosikika kuliko yote, na chanzo chake cha kwanza ni kivuli. Mwasumini huvumilia kivuli bila kufa, ndiyo maana watu hudhani kwamba unakipenda. Ukweli ni kwamba unahitaji jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita hivi kwa siku ili uchanue vizuri. Utazame mti asubuhi, adhuhuri na alasiri siku moja, uone ni saa ngapi jua linaugusa. Mara nyingi mwembe uliokuwa mdogo wakati mwasumini unapandwa umekwisha kutanda, au jirani amepandisha ghorofa. Mimi mwenyewe nilimaliza karibu mwaka mzima nikiutilia samadi mti uliokuwa umekosa jua tu, na kila samadi ilipoongezwa majani yalizidi kupendeza na maua yalizidi kutoweka.

Chanzo cha pili ni kutoukata. Maua ya mwasumini hutokea kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo mti ulioachwa miaka mitatu bila kupogolewa huwa na mashina marefu yaliyokauka chini na vishada vichache vya maua juu kabisa, mahali pasipofikika. Wenye mti huwa na huruma nao, na huruma hiyo ndiyo inayouzeesha. Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, ambako asumini ni zao la biashara na ile ya Madurai ina sifa ya pekee, wakulima hukata kichaka kizima hadi kimo cha sentimita 50 hivi kutoka ardhini kila mwishoni mwa Novemba, na baada ya miezi michache mti hurudi ukiwa umejaa matumba. Kwa mti wa uwani si lazima ukate kwa ukali huo mara ya kwanza. Ondoa kwanza matawi makavu na yale yanayosuguana, kisha punguza yaliyobaki kwa theluthi moja au nusu, ukikata juu kidogo ya kifundo chenye majani. Kwa pwani yetu wakati mzuri ni karibu na mwanzo wa mvua, kabla ya vuli au mwanzoni mwa masika, kwa kuwa machipukizi yatapata maji mara tu yanapotoka. Usikate sana katika kiangazi cha kaskazi wakati mti una kiu, na kila maua yanapomalizika, kata ncha za matawi yaliyochanua ili yatoe matawi mengine.

Chanzo cha tatu ni mbolea yenye naitrojeni nyingi, kama urea au mavi ya kuku yasiyooza. Dalili yake ni majani makubwa ya kijani kibichi sana na matawi marefu laini. Dawa yake ni kuacha kuweka mbolea kwa miezi miwili au mitatu, kisha kurudi na mboji iliyooza vizuri kwa kiasi kidogo.

Ukiona maua yamepungua katika kipupwe, Juni hadi Agosti, huna haja ya kufanya lolote. Mti huu hupenda joto na hupumzika kunapokuwa na ubaridi, na wanaoishi nyanda za juu wavumilie kwamba mapumziko yao ni marefu zaidi.

Matumba yanabadilika rangi na kuanguka kabla ya kufunguka

Kwanza tofautisha tumba na ua. Ua la asumini hufunguka jioni, hunukia usiku, na baada ya siku moja hivi huanza kugeuka rangi ya waridi au zambarau na kuanguka. Huo ndio umri wake, wala si ugonjwa. Tatizo ni pale tumba ambalo bado limefumba linapogeuka zambarau, likavimba upande mmoja au likakauka.

Kinachotokea zaidi ni kiu. Mti ulioachwa ukauke siku mbili tatu wakati wa matumba, hasa ulio katika ndoo juu ya sakafu ya saruji inayochoma, huyaangusha matumba yake ili ujiokoe wenyewe. Ingiza kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya ndoo. Wakati wa kaskazi ndoo ndogo huenda ikahitaji maji kila siku, pengine asubuhi na jioni.

Ikiwa udongo una unyevu na matumba bado yanaharibika, yapasue kumi kwa ukucha juu ya karatasi nyeupe. Ukikuta funza wadogo sana, weupe au wa manjano, wengi ndani ya tumba moja, hao ni watoto wa wadudu wadogo wanaofanana na mbu, ambao hutaga ndani ya matumba. Ukikuta kiwavi mmoja mwenye tundu la kuingilia na kinyesi kama unga, huyo ni mtoto wa nondo. Tiba ya wote wawili ni moja, nayo inachosha lakini inafaa: chuma kila tumba lililobadilika rangi, kila siku, kwa muda wa mwezi mmoja bila kuruka, okota na yaliyoanguka, yafunge yote katika mfuko wa plastiki na uuache juani siku kadhaa kabla ya kuutupa. Usiyatupe matumba hayo kwenye mboji wala usiyaache chini ya mti, maana wale funza wadogo hujidondosha udongoni, hugeuka huko na kurudi juu wakiwa na mbawa. Wanaokatiza kazi hiyo baada ya wiki moja, wakiona hali imetulia, hurudi mwanzo.

Kupulizia dawa ya kuua wadudu hapa hakusaidii sana, kwa kuwa funza amejificha ndani ya tumba dawa isikofika, na tumba hilohilo ndilo unalotaka kuvaa.

Majani ya manjano

Hapa lazima uchunguze kwa makini, kwa sababu manjano ni nyingi na kila moja ina maana yake. Jiulize mambo mawili: je, ni majani machanga au makongwe, na je, mishipa ya jani imebaki ya kijani?

Majani machanga yakiwa manjano au meupe kabisa huku mishipa ikibaki ya kijani kama wavu, mti umekosa madini ya chuma. Kwa watu wa pwani hili ni tatizo la kila mtaa, kwa kuwa nyumba nyingi zimejengwa juu ya jiwe la matumbawe, na udongo wa maweni una chokaa nyingi. Chuma huenda kimo udongoni, ila chokaa imekifunga na mizizi haiwezi kukinyonya. Kipimo rahisi ni siki: chukua udongo mkavu kiasi cha kijiko, umwagie siki, uinamishe sikio. Ukichemka na kutoa mapovu, una chokaa. Mti uliopandwa sentimita chache kutoka ukutani huwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu mvua huosha chokaa na saruji ya ukuta na kuishusha mizizini, na fundi naye mara nyingi alifukia pale mabaki ya lipu.

Wapo wanaofukia misumari yenye kutu wakitumaini kuurudishia mti chuma. Kutu haiyeyuki katika udongo wa chokaa, kwa hiyo misumari hiyo itamchoma mguu mtoto kabla haijamfaidi mwasumini. Kosa kubwa zaidi ni kumwaga jivu la jikoni, ambalo katika udongo wa aina hii huongeza hali ileile ya chokaa iliyokwisha kuudhuru mti. Kinachofaa kwa haraka ni kupulizia majani maji yaliyoyeyushwa salfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita moja ya maji, jioni, mara moja kwa mwezi mpaka majani mapya yatoke na rangi yake; chunga ukuta na nguo, maana madoa yake hayatoki. Ukinunua mbolea ya chuma ya kutia udongoni, tafuta iliyoandikwa EDDHA, kwa sababu aina ya EDTA hushindwa katika udongo wenye chokaa. Kinachofaa kwa muda mrefu ni kuuhamishia mti katika tuta lililoinuliwa au ndoo kubwa yenye udongo mwekundu uliochanganywa na mboji, na kuumwagilia maji ya mvua kila yanapopatikana.

Majani makongwe ya chini yakigeuka manjano yote kwa pamoja, mishipa ikiwemo, huku ya juu yakiwa mazima, mti una njaa ya kawaida, hasa ule uliokaa ndani ya ndoo moja miaka mingi. Uchomoe utazame mizizi. Ikiwa imezunguka ndoo kama kamba iliyovingirishwa, ipunguze kwa kisu pembeni na uirudishe katika udongo mpya.

Kingo na ncha za majani zikiungua na kuwa kahawia, onja maji unayomwagilia. Visima vingi vilivyo karibu na bahari huingiwa na chumvi wakati wa kiangazi, na utando mweupe juu ya udongo ni ushahidi wa pili. Mwagilia maji matamu kwa wingi ili kuishusha chumvi, ukihakikisha kwamba ndoo ina matundu ya kutolea maji. Miti iliyoelekea bahari huungua hivyohivyo kwa upepo wa kusi uliobeba chumvi, na hiyo haina tiba isipokuwa kuusogeza mti nyuma ya ukuta au ua wa makuti.

Mara chache utaona manjano yenye mabaka yasiyo na mpangilio, majani yakiwa yamejikunja na kudumaa katika tawi moja au mti mzima. Simama hapo. Huenda ni ugonjwa wa virusi, ambao hauna dawa. Usichukue vipandikizi kutoka mti huo, safisha mkasi wako kwa spiriti, na umwite afisa ugani autazame kabla hujaung'oa.

Majani yamepakwa masizi, na sisimizi wanapanda na kushuka

Masizi hayo ni ukungu unaoota juu ya maji matamu yanayotolewa na wadudu wanaofyonza utomvu, na sisimizi wako pale kwa ajili ya utamu huohuo. Kwa hiyo kuufuta ukungu bila kuwaondoa wadudu ni kupiga deki huku paa linavuja. Pindua majani na utazame vifundo vya matawi. Wadudu weupe kama vipande vya pamba, magamba ya kahawia yaliyogandamana na gome, vidukari au nzi weupe, yeyote kati ya hao anaweza kuwa chanzo.

Wakiwa wachache, wapanguse kwa pamba iliyochovywa spiriti au kwa mswaki wa zamani wenye sabuni, na ukate tawi lililojaa. Wakizidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, upulizie chini ya majani jioni, na uuoshe mti kwa maji safi asubuhi yake. Jaribu kwanza kwenye tawi moja na usubiri siku mbili. Pwani imejaa miarobaini, na mbegu zake zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zikilowekwa usiku kucha na kuchujwa, hutoa dawa nzuri ya kurudia kila wiki. Vyovyote utakavyopulizia, chuma kwanza maua yaliyo tayari, kisha yaache yale yatakayofunguka siku chache zinazofuata, kwa sababu harufu ya mwarobaini kwenye koja si jambo la kumpelekea bi harusi.

Ikiwa unafikiria dawa kali ya dukani, tafadhali usitumie ile iliyomiminwa kwenye chupa ya soda bila lebo, hata muuzaji akiapa. Nunua iliyosajiliwa na mamlaka inayohusika, ambayo Tanzania Bara ni TPHPA na Kenya ni PCPB, usome lebo, na usitumie dawa inayoingia ndani ya mti mzima ikiwa bado unakusudia kuchuma maua ya kuvaa au ya kunywa.

Majani yamefifia, yana vitone vingi na utando mwembamba chini

Huu ni utitiri mwekundu, mgeni wa kiangazi na wa mahali penye vumbi. Gongesha tawi juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, umempata. Mpira wa maji wenye nguvu ukielekezwa chini ya majani kila siku ya tatu kwa wiki mbili hutosha mara nyingi.

Mti unanyauka ilhali udongo umelowa

Usiongeze maji. Hilo ndilo kosa linaloua miasumini mingi zaidi baada ya masika, kwa kuwa jani lililolegea humfanya kila mtu akimbilie kopo. Mizizi iliyozama majini hukosa hewa, huoza, na mti hufa kwa kiu ukiwa umesimama ndani ya maji. Kagua matundu ya ndoo kwanza, uyazibue. Chomoa mti na utazame: mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya majani makavu na ni migumu, iliyooza ni myeusi, inachubuka ngozi na inanuka. Kata iliyooza, punguza matawi kwa kiasi hichohicho, panda upya katika udongo wenye mchanga wa mtoni, si wa baharini, na uuweke kivulini wiki mbili.

Ukikuta mizizi ina vinundu vingi kama shanga, hao ni minyoo fundo. Usipande mwasumini mwingine mahali hapo, na usihamishe udongo huo kwenda bustani nyingine.

Acha kujitibia na umwite bwana shamba mara moja ukiona nyuzi nyeupe za ukungu zikizunguka shina pale linapoingia ardhini, pengine pamoja na vipunje vya kahawia kama mbegu za haradali, au ukiona tawi baada ya tawi linakauka na kuni yake ikiwa kahawia ndani. Ugonjwa wa aina hiyo hukaa udongoni na unaweza kushika nyanya, karanga na mboga nyingine zilizopandwa karibu. Ikiwa miti kadhaa ya mtaa mmoja inakufa kwa namna moja, udongo na upimwe. Kwa Tanzania Bara kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, Tanga, kinahusika na udongo, na kwa Kenya taasisi ya KALRO ina wataalamu wa kazi hiyo.

Maua yamechumwa vizuri lakini hayanukii

Tatizo hapa mara nyingi ni saa. Tumba linalofaa kuchumwa ni lile lililokwisha kunenepa na kuwa jeupe kabisa alasiri, ambalo lingefunguka lenyewe jioni. Lile lenye ukijani hukauka bila kufunguka, na ua lililokwisha kufunguka tangu jana limemaliza harufu yake. Yafunge katika jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu kidogo, usiyamwagie maji. Kwa mafuta ya nazi, acha maua yakauke maji ya juu kwanza, yaloweke usiku mmoja, uyachuje na uweke mengine. Yakiachwa siku nyingi ndani ya mafuta huoza na mafuta huchacha. Wachina hufanya vivyo hivyo kwa majani makavu ya chai: huyalaza pamoja na asumini usiku, kisha maua huondolewa na mapya huwekwa.

Vipandikizi havishiki

Asumini ya petali nyingi ni nadra kuzaa mbegu, kwa hiyo njia ni kijiti. Kijiti kichanga mno huoza na kilichokomaa mno hukauka. Chukua kile cha katikati, urefu wa sentimita 10 hadi 15, chenye vifundo vitatu, ukate chini kidogo ya kifundo, uondoe majani ya chini, ukichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini na kukifunika kwa nusu ya chupa ya maji. Subiri wiki nne hadi sita na usikivute kila asubuhi kuona kama kimeshika. Asiyefanikiwa kwa kijiti na alaze tawi refu ardhini likiwa bado juu ya mama yake, akwangue gome kidogo upande wa chini, alifukie na kulikandamiza kwa jiwe mwanzoni mwa masika. Mvua zinapokatika, tawi hilo huwa limeota mizizi na linaweza kukatwa na kuhamishwa.